Mwaka wa Kadhi na Pampu ya Mzee Nunow

Kwanza nimjibu yule msomaji wa Isiolo aliyeliandikia gazeti akiuliza kama mimi, nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, sioni haya kuyaandika haya. Naona haya, mwanangu. Naandika mlango umefungwa. Lakini nimenyamaza sana katika maisha yangu, na balaa la leo limeletwa na huko kunyamaza.

Wewe unayenisoma leo mara ya kwanza, shika haya machache tu. Mimi ni Weris, wa Galbet, Garissa. Mume wangu Nunow ni dalali wa ng'ombe. Sukari ilimshika, ikamwondolea nguvu za kiume. Mke mwenzangu Sabrin, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, akakaa miaka miwili kama hana mume, na mume yumo ndani. Kaka yake Mowlid akampeleka kwa Kadhi adai kuachishwa. Kadhi akampa Nunow mwaka mmoja ajitibu; asipopona, Sabrin aachishwe.

Miezi kumi iliishia kwenye mizizi na asali. Mwezi wa kumi na moja mwanangu Awil akatuita Nairobi, Nunow akapasuliwa, akawekewa chombo ndani ya mwili. Tulirudi na lori la mwisho. Nyuma yetu mvua ya El Nino ikaimeza barabara, Garissa ikawa kisiwa.

Wiki jana nilikiri kwamba kuna jambo la mwaka ule nililijua mimi peke yangu. Leo nalisema.

Asubuhi ile ilikuwa Jumamosi. Nunow alikuwa ameketi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nyuma ya pazia, kama alivyoagizwa na hospitali. Macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya duka la unga iliyoning'inia ukutani. Tarehe kumi na tisa Desemba alikuwa ameizungushia wino mwekundu.

"Bado siku kumi na tatu," akasema. "Daktari alisema tusikitumie mpaka wiki sita. Wiki sita zinaisha tarehe kumi na sita. Hapo nabaki na siku tatu mkononi. Mungu mkubwa, Mama Awil."

"Mungu mkubwa," nikajibu, nikaendelea kukamua kitambaa.

Sasa sikilizeni. Karatasi ya Kadhi ilikuwa na tarehe mbili. Ya juu ni ya Kizungu. Ya chini imeandikwa kwa Kiarabu: mwezi nane Shaabani, yaani siku ya nane ya mwandamo wa Shaabani. Nunow ni mtu wa mnada. Malori yake, wanunuzi wake wa Nairobi, kila kitu chake kinakwenda kwa kalenda ya ukutani. Mimi nahesabu mwezi wa mbinguni, kwa sababu Rajabu na Shaabani nafunga.

Na mwaka wa Kadhi ni miezi kumi na miwili ya mwandamo. Ni mfupi kuliko ule wa ukutani kwa siku kumi hivi.

Mume wangu alipokuwa anasema bado siku kumi na tatu, zilikuwa zimebaki tatu.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Sikusema. Mwaka upite, Sabrin aondoke, mzee wangu arudi kwangu kama zamani. Hilo ndilo lililokuwa moyoni, sina jingine la kulipamba.

Tena tangu turudi kutoka Nairobi alikuwa akilala nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyemwosha na kumpa dawa. Sabrin, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua wetu, aliambiwa asubiri mpaka mgonjwa apate nafuu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nagawiwa siku zangu. Sasa zote zilikuwa zangu.

Na kulikuwa na hii habari ya pampu.

Aliyetufundisha kule hospitalini ni Sista Wato, binti wa Kiborana wa Moyale. Alishika chombo cha mfano mkononi: mirija miwili, kifuko cha maji, na kipampu kidogo kama kokwa la tende.

"Mzee, kifuko kimekaa tumboni. Kipampu kiko kwenye korodani, hakuna atakayekiona. Ukibonyeza, maji yanatoka tumboni yanajaza mirija. Ukimaliza, unarudisha."

Nunow alikuwa ameelekea ukutani, amejifunika shuka hadi masikioni. Kiswahili chake, p zote ni b.

"Sista, mimi baisikeli? Mimi nabigwa bambu?"

"Ni maji, mzee, si upepo."

"Basi mimi kisima cha serikali. Na visima vya serikali yote imeharibika."

Sista alicheka mpaka akaketi. Halafu akamshika mkono amwonyeshe mahali pa kubonyeza, na kicheko kikaisha. Vidole vya Nunow vimekufa ganzi kwa sukari. Anaweza kushika kaa la moto asijue. Alipapasa kile kipampu cha mfano kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Sista akakichukua, akakiweka kiganjani mwangu.

"Mama, wewe ndiye utakuwa mikono yake. Tazama. Kujaza ni kubonyeza katikati, uachie, ubonyeze tena. Kutoa maji ni hapa kando, unashika na kutulia, usiachie. Wengi hukosea hapo. Na kila siku akiwa kwenye maji ya uvuguvugu, mkivute chini polepole kisipande juu."

"Na lini...?" Sikumaliza.

"Wiki ya nne mnarudi kliniki, tunakijaribu. Mambo ya ndoa ni baada ya wiki sita. Mkikimbilia, kidonda kikifunguka, usaha ukaingia, kinatolewa chote. Na kwa mtu wa sukari, Mama, hakuna cha pili."

Wiki ya nne ilifika, barabara haipo. Nilikwenda posta kupiga simu, laini imekufa. Nikangoja siku nne nyingine, hakuna homa, hakuna usaha. Ndiyo Jumamosi ile Nunow akasema, "Hebu tukijaribu. Kujaza na kutoa tu. Nijue kama nimepasuliwa bure."

Nikafunga mlango. Akajilaza, akajifunika kikoi, akageukia ukuta wake. Mimi nikageukia upande mwingine. Mkono peke yake ndio uliokwenda.

Mara ya kwanza kipampu kilikuwa kigumu kama jiwe. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu kikalainika, nikasikia maji yakipita chini ya kidole changu.

"Mama Awil."

"Inauma?"

"Kidogo. Usiache."

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua. Nunow alikuwa analia. Mtu aliyemzika mama yake bila chozi.

"Miaka mitatu," akasema. "Weris, miaka mitatu nilikuwa maiti."

Aliniita Weris. Tangu Awil azaliwe hajawahi kuniita kwa jina langu.

Tukakaa hivyo kidogo. Halafu nikasema, haya, turudishe maji. Nikashika kando, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, kwa nguvu.

"Wee! Kinazidi!"

"Tulia."

"Nitatulia vipi? Kinazidi, nakwambia!"

Nikabonyeza tena, jasho linanitoka. Na hapo hapo, uani:

"Assalamu aleikum! Hodi! Wenyewe wapo?"

Sauti ya Mowlid. Na si yeye peke yake. Nilichungulia, nikaona wazee wawili wa ukoo wao na bakora zao, miguu matope hadi magotini.

"Waambie nimelala!"

"Wameshakusikia ukipiga kelele."

Sikuwa na la kufanya. Nikamketisha kwenye mkeka, nikampa mto juu ya mapaja, na juu ya mto nikamwekea Msahafu ili aonekane anasoma. Nikafungua.

Kwetu, wakwe wakiingia mwenye nyumba huinuka. Hata awe mgonjwa, huinuka akashikwa. Nunow hakuinuka. Aliketi na mto wake, uso umemwiva.

Wazee wakatazamana. Mowlid akabaki na mkono wa salamu hewani.

"Seedi," akamwambia, yaani shemeji, "hata kutuinukia umeshindwa?"

"Mniwie radhi. Mshono."

"Mshono wa mwezi mzima? Basi maneno yetu ni mafupi. Jumanne tutaonana kwa Kadhi."

Nunow akacheka. "Jumanne ipi? Siku yangu ni tarehe kumi na tisa. Tazama ukutani."

"Ukutani?" Mowlid akatoa karatasi kifuani, imelowa pembeni. "Kadhi anahukumu kwa kalenda ya duka la unga? Mwezi nane Shaabani, seedi. Jumanne."

Mzee mmoja akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi. Kisha akamrudishia Mowlid, akamwambia Nunow kwa upole, "Ni kweli, mwanangu. Ni Jumanne."

Chai waliikataa. Walipotoka, Nunow hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Kwanza toa hiki kitu," akasema.

Nikafumba macho, nikamkumbuka Sista. Unashika na kutulia, usiachie. Mimi nilikuwa nabonyeza na kuachia, nabonyeza na kuachia, ndiyo maana kilizidi kujaa. Nikashika kando, nikatulia. Maji yakarudi polepole, Nunow akashusha pumzi.

"Mama Awil. Wewe unafunga Shaabani. Unajua mwezi uko wapi. Ulijua?"

Hapo ndipo ningesema.

"Mimi mtu wa darasa la nne," nikajibu, "hesabu za Kadhi nitazijulia wapi?"

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Akasimama polepole, akaenda akaing'oa kalenda kwenye msumari wake, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda.

Alasiri Sabrin akavuka ua na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Alijua mzee amekwenda msikitini na fimbo yake. Huniita eddo, shangazi, ingawa mimi na yeye ni wake wa mtu mmoja.

"Eddo, kaka yangu amekuja hapa?"

"Amekuja."

"Amekwambia habari ya Hagadera?"

"Habari gani?"

Akaketi bila kukaribishwa. "Kuna mtu wa malori kule kambi ya wakimbizi. Mowlid ameshampa neno kwamba eda yangu ikiisha nitakuwa wake. Mimi sijaulizwa. Naulizwa mimi kitu? Nilikwenda kwa Kadhi kwa sababu nilitaka mtoto, eddo. Sikwenda kutafuta malori."

"Basi mwambie Kadhi hivyo."

"Nimwambie nini? Nibaki nikazeeke hivi hivi? Kisimani wananiuliza kama nimeolewa na kabati." Hakucheka. "Nunow hajawahi kunitolea neno baya. Nikijua kweli amepona, wallahi, Jumanne nitasema nimeridhika, na Mowlid aende akaolewe yeye na mtu wa malori."

Akanimiminia chai kwa mikono miwili, kama binti.

"Wanaume wataniambia chochote. Wewe ndiye unayemwuguza. Nikuulize wewe tu, nami nitafuata neno lako. Amepona?"

Nilitazama vidole vyangu. Asubuhi ile ile maji yalikuwa yamepita chini yake. Nilikumbuka namna alivyoniita Weris.

"Abaayo," nikamwambia, yaani dada, "usipoteze ujana wako. Kile chombo hakifanyi kazi."

Hakulia. Akasema "ahsante, eddo," akavuka ua. Chupa ya chai akaiacha kwangu. Sikuinywa.

Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulifika kwa Kadhi nguo zimetugandama. Nunow aliingia kwa miguu yake, akainua kichwa, akamsalimu kila mtu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Kadhi alikuwa mzee mwenye mafua, leso haikumtoka mkononi.

"Nunow, mwaka umekwisha. Una la kusema?"

"Nimetibiwa, Sheikh. Daktari ameniwekea chombo, kinafanya kazi. Zimebaki siku saba tu kidonda kikauke sawasawa. Barabara imekatika, nimeshindwa kurudi kwa daktari. Naomba hizo siku saba."

Mowlid akaruka. "Chombo! Sheikh, dada yangu aliolewa na mwanamume au na plastiki?"

Kadhi akapenga kamasi. "Mowlid, baba yako aliwekewa meno Mombasa. Akila nyama kwayo, aliyekula ni nani?"

Wazee wakacheka. Mowlid akaketi.

"Sabrin," Kadhi akasema, "haki ni yako, si ya kaka yako. Umesikia, anaomba siku saba. Unasemaje?"

Sabrin alikuwa amejifunika, macho tu yanaonekana. "Nataka kuachishwa, Sheikh. Hicho chombo hakifanyi kazi. Nimeambiwa na mtu anayejua."

"Nani?"

Hakutaka kunitaja, na hilo liliniuma kuliko kama angenitaja. Lakini macho yake yalimponyoka, yakaja kwangu, na kila mtu akayafuata.

Nunow akageuka. "Mama Awil? Haiwezekani. Sheikh, muulize huyo huyo. Yeye ndiye mikono yangu. Jumamosi tu..." Akakatiza, akaona haya. "Muulize."

"Njoo mbele, Mama Awil," Kadhi akaniambia.

Wakaniletea Msahafu. Nilitia udhu nje, kwenye mvua, nikarudi, nikaweka mikono juu yake. Mikono hii.

"Sema ukijua nani anakusikia," Kadhi akasema. "Chombo kinafanya kazi au hakifanyi?"

Nilidhani nitaweza. Wallahi nilidhani nitaweza. Nilikuwa nimelipanga neno tangu nyumbani, neno moja fupi.

"Kinafanya kazi," nikasema. "Nilimdanganya Sabrin."

Mvua ikasikika kwenye mabati.

"Na kuna jingine. Nilijua mwaka ni wa mwandamo. Nilimwona akihesabu vibaya, nikamwacha. Aliponiuliza, nikamdanganya na yeye."

Sikumtazama Nunow. Nilisikia tu fimbo yake ikianguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

Mowlid alikuwa wa kwanza kusema. "Sheikh, nyumba ya namna hii dada yangu arudi afanye nini?"

"Nyamaza wewe." Kadhi akamgeukia Sabrin. "Binti yangu, sasa umesikia ukweli. Mafuriko ni dharura, na siku saba si nyingi. Lakini siwezi kumpa bila wewe kukubali. Ukisema hapana, leo unatoka hapa umeachishwa. Usimtazame kaka yako. Sema."

Sabrin hakumtazama kaka yake, wala hakumtazama Nunow. Alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu mpaka nikatamani anitukane.

"Nitangoja siku saba," akasema. "Kwa sharti moja."

"Lipi?"

"Mume wangu ahamie nyumbani kwangu leo. Na eddo Weris aje huko kila siku, anifundishe mimi hicho chombo. Mahali pa kubonyeza, mahali pa kushika, kila kitu alichofundishwa. Zikiisha siku saba, mikono yake isimguse tena."

Wazee wakainamisha vichwa. Nilisikia mmoja akisema taratibu, astaghfirullah.

"Ni haki yake kuomba hivyo," Kadhi akasema, sauti imekwama kwa mafua. "Lakini siwezi kumlazimisha mtu mafunzo ya namna hii. Mama Awil, unakubali?"

Nunow alikuwa ananitazama. Hakuna ukuta wa kugeukia mle ndani. Macho yake hayakuwa na hasira, na ningependa yangekuwa nayo. Alikuwa akinitazama kama mgonjwa anavyomtazama sista mwenye sindano.

Nikataka kujibu. Lakini kwanza ilibidi niondoe mikono yangu juu ya Msahafu, na mikono ikakataa.